Salamu za Tata Ntambwe

28 Januari 2024

Yaya Latifa,

Asalaam aleikum. Natumaini barua hii itakukuta mzima, dada yangu, wewe na shemeji Alfani na watoto, na kibanda chako cha simu pale sokoni kikiendelea kuwauzia watu chaja zinazokufa kabla ya Ijumaa. Mimi ni mzima. Nakula, nalala, nimejifunza kuziba pancha za baiskeli. Marehemu baba, aliyetaka niendeshe lori mpaka nizeeke, angeniona sasa angecheka mpaka kofia ianguke.

Najua umekwisha kuangalia juu ya ukurasa ukaona tarehe bila mji. Baba hakupenda barua ya namna hiyo. Unisamehe. Maître Stanislas, avoka, wakili wa familia za wachimbaji, amenikataza kumtajia mtu yeyote mahali nilipo mpaka siku ya kesi, na yeyote ni pamoja na wewe. Laini ya simu nimeitoa nikaivunja. Ndiyo maana nakuandikia kwa karatasi, na Papy, mjumbe wake, anakuletea kwa pikipiki yake. Papy ndiye peke yake anayejua njia.

Nilichokiona pale depo nakiandika mara moja tu. Asubuhi ile walisikia wakaguzi wako njiani, na patron, mwenye depo, akamwamuru mtu wa tingatinga afukie lile shimo la wachimbaji. Nilishuka kwenye lori nikamwambia chini kuna watu. Akasema watatoka wenyewe. Glodi, mtoto wa jirani yako Mama Huguette, nilikuwa nimemwona akishuka na tochi yake kichwani. Nilirudi ndani ya lori nikaweka simu kwenye kioo, nikarekodi. Sauti ya patron inasikika. Sauti za chini pia zinasikika. Sijaiangalia video hiyo tena na sitaki.

Sasa shida yangu ni hii, na wewe ndiye muuza simu. Maître amemtuma Papy achukue nakala. Simu yenyewe hataki itoke mkononi mwangu mpaka mbele ya hakimu. Haina nafasi ya kadi ya memori. Bluetooth ya kawaida tumeijaribu, lakini video ni nzito, inakatika kila mara. Papy ana application moja ya kupitisha vitu vizito kati ya simu mbili bila réseau, bila mtandao wowote, akaniwekea. Kuifungua tu, ikaniuliza kama naikubalia ijue mahali nilipo. Nikakataa, ikajifunga. Nikaifungua tena, ikauliza yaleyale.

Yaya, Papy alikuwa amekaa mbele yangu, magoti yake yakigusa yangu. Simu zote mbili zilikuwa juu ya kiti kimoja. Kumpa mtu kitu mkononi kunahitaji kujua niko mji gani? Papy akaniambia, "Ruhusu tu, batu bote banafanyaka vile." Nikamjibu, "Mi siruhusu." Ameondoka mikono mitupu. Nifanye nini?

Tata Ntambwe, mzee anayenihifadhi, anakusalimia sana. Alikuwa mfungaji wa mabehewa ya reli mpaka mabehewa yakamla vidole viwili vya mkono wa kushoto, na sasa anatengeneza baiskeli. Mama Wivine, tunayekaa naye ua mmoja na anayekaanga mihogo mbele ya gare ya treni, anasema ulete watoto awanenepeshe. Nisalimie wote, mmoja mmoja.

Mdogo wako,
Zakaria


Kolwezi, 17 Februari 2024

Mdogo wangu Zakaria,

Waaleikum salaam. Barua ni nusu ya kuonana, na hiyo nusu tuliifurahia jana baada ya chakula cha Ijumaa. Kama alivyopenda baba, niliisoma kwa sauti, na kila mwenye salamu zake akapewa zake. Mambo ya shimo niliyaruka kwa sababu ya watoto. Salamu tu ndizo nilizosoma. Bilkisi, ambaye sasa hana meno ya mbele, alishinda jioni nzima akifunga kamba za viatu kwa vidole vinane ili awe Tata Ntambwe. Alfani alicheka mpaka machozi. Ameniambia nikuulize mzee huyo alifanya kazi reli ya upande gani, maana baba yake naye alikuwa mtu wa reli, pengine walijuana.

Sisi ni wazima. Jikoni tumebadilisha mabati, mvua haituingilii tena. Alfani amepata kazi, Mungu asifiwe, ameacha kukaa nyumbani na kunikosoa namna ninavyopika. Anaendesha lori la magurudumu kumi.

Mama Huguette anakuja kibandani kila asubuhi. Hanunui kitu. Anatoa simu ya Glodi, ambayo mtoto aliiacha nyumbani siku ile, ananiomba niiweke kwenye chaja. Mara ya kwanza nilimuuliza ya nini. Akaniambia, "Akirudia, aikute iko na charge." Sikuuliza tena. Anakaa kwenye kigoda mpaka ijae, kisha anaifunga ndani ya kitambaa anakwenda. Mumewe amekwisha kufanya matanga. Yeye amekataa kuvaa nyeusi mpaka aone mwili.

Kuhusu hiyo application, usiruhusu. Nimeuza simu miaka mingi na nakuambia, kinachouliza uko wapi kina mtu wa kumpelekea habari. Mwizi wa siku hizi anabisha hodi kwanza. Mwambie Papy atafute njia nyingine, na Maître wako apunguze haraka. Afadhali kesi ichelewe kuliko wewe uonekane.

Msalimie Tata Ntambwe, mwambie ana mwanafunzi huku. Msalimie Mama Wivine. Hao watu wanaokulisha ni ndugu zangu hata kama siwajui.

Yaya yako,
Latifa


14 Machi 2024

Yaya Latifa,

Asalaam aleikum, na Ramadhani njema kwenu. Hapa tunafunga watu watatu, na wa tatu namshuku. Mama Wivine, ambaye ni Mkatoliki, ananiwekea sahani ya jioni na kuifunika kwa jiwe ili mbuzi wasinitangulie.

Nimekutii. Papy alikuja tena, na ile application ikauliza tena, nami nikakataa tena. Akarudi mikono mitupu. Maître ameniandikia maneno makali. Kesi imewekwa mwezi wa tano. Patron anasema shimo lilikuwa tupu, na wale vijana walikimbilia Zambia. Bila video, ni neno langu peke yake mbele ya mtu mwenye malori arobaini. Na mimi, yaya, naanza kuchoka. Naota naendesha lori, na nyuma yangu kuna watu wanagonga bodi.

Kila siku naitazama hiyo simu nikijiuliza. Kama nimekosea kukataa, basi ninamkalisha Mama Huguette kwenye kigoda chako bure. Tafadhali muulize mtu anayejua kuliko wewe na mimi. Najua neno hilo halitakufurahisha.

Jambo la pili. Umenihesabia magurudumu ya lori la Alfani lakini mwenye lori hukumtaja. Ni la nani?

Tata Ntambwe alifurahi sana kwa swali la shemeji. Nilisita kuandika jibu lake, lakini utamnyimaje mzee salamu zake na amesimama juu ya bega lako anakuangalia unavyoandika? Anasema hivi, "Andika, mutoto. Nilianzaka kazi Lubudi, kisha banihamisha huku magharibi, na huku njo nitakufia." Anasema kama baba yake Alfani alikuwa mtu wa treni za mizigo, bila shaka walikula ugali pamoja. Mama Wivine anauliza meno ya Bilkisi yameota?

Nisalimie watoto. Nisalimie Alfani.

Zakaria


Kolwezi, 12 Aprili 2024

Mdogo wangu Zakaria,

Waaleikum salaam. Idi ilikuwa juzi. Tulikula, tulikukumbuka. Meno ya Bilkisi hayajaota. Salamu zangu leo ni fupi, ninataka kufika haraka kwenye neno lenyewe.

Nilikuambia usiruhusu, na nilisema bila kujua. Nimemuuliza Fidélie, yule anayefundisha mafundi wa simu hapa mjini, akanieleza, nami nakueleza kwa namna nilivyoelewa. Bluetooth yenyewe haijui uko wapi. Inachofanya ni kuita na kusikiliza. Inauliza, nani yuko karibu? Na kila chombo kilicho karibu kinajibu kwa jina lake. Simu ya Papy inajibu, redio ya jirani inajibu. Sasa, kuna vyombo visivyohama, vimepigiliwa ukutani dukani au hospitalini. Mtu akiwa na orodha ya mahali kila kimoja kilipopigiliwa, basi akisikia tu kwamba simu yako imekaa karibu na fulani na fulani, amekwisha kujua umekaa wapi. Hata kama hujamtajia mji. Kwa hiyo waliotengeneza Android waliamua kwamba application inayotaka kusikiliza majirani wa simu lazima iombe ruhusa ya mahali, ili mwenye simu asidanganywe kwamba anatoa kitu kidogo. Kwenye simu mpya wametenganisha, ile ruhusa inaitwa ya vifaa vilivyo karibu. Yako ni ya zamani. Humo ruhusa zote mbili ni moja.

Kwa hiyo haikuwa ikikutafuta. Ilitaka tu kumsikia Papy. Na simu isiyo na laini wala intaneti haina wa kumpelekea habari. Ruhusu, washa kile kitufe cha mahali, pitisha video, kisha ifute hiyo application kabla simu haijaona réseau yoyote. Ni hayo tu. Tumepoteza miezi kwa ujuaji wangu.

Zakaria, niliacha kalamu hapo nikaenda kufunga kibanda. Nimerudi.

Nilipokuwa nikiandika maneno ya Fidélie, nilirudi nyuma nikayasoma tena. Kusikia tu nani yuko karibu naye. Mdogo wangu, wewe hujanitajia mji hata siku moja. Umenitajia mzee wa reli mwenye vidole vinane, fundi wa baiskeli, aliyeanza Lubudi akahamishwa magharibi. Umenitajia mama wa mihogo mbele ya gare. Nami nikayasoma yote kwa sauti Ijumaa, nikijiona mjanja kwa kuruka shimo.

Uliniuliza lori ni la nani. Ni la patron wa depo. Alikuja mwenyewe nyumbani mwezi wa kwanza, akakaa kwenye kiti cha baba, akamwambia Alfani hana kinyongo na familia. Alfani alikuwa hana kazi tangu mwaka jana. Nilinyamaza kwa aibu, na kwa sababu ya mabati, ndiyo, kwa sababu ya mabati pia. Nilijiambia mume wangu ni ndugu yako. Wiki iliyopita nilimsikia uani anamuuliza dereva mwenzake anayepita njia ya Kasaji kama amewahi kuona fundi wa baiskeli asiye na vidole. Nilipotoka, akaniomba chai.

Kama hapo ndipo ulipo, toka. Usiniambie unakwenda wapi. Usiage. Usiniletee salamu za mtu. Pitisha video kwanza, kisha toka na Papy siku hiyohiyo.

Latifa


18 Aprili 2024

Yaya Latifa,

Asalaam aleikum, na Idi njema iliyochelewa. Nimengoja jibu lako mpaka nimechoka. Nasikia pikipiki ya Papy imeharibika mnyororo karibu na Mutshatsha, basi naandika ili akifika asinikute na kalamu mkononi.

Asante kwa mgeni uliyemtuma. Amefika jana kwa lori, kijana mtaratibu, amevaa kofia nzuri. Hakuuliza jina langu. Alikwenda moja kwa moja kwa Tata Ntambwe, akamshika mkono wa kushoto kwa mikono miwili akamwambia, "Tata, batoto ba Latifa banakusalimia, kule banafunga kamba na bidole munane kama weye." Mzee alilia. Hajapata mgeni tangu azike mkewe. Amemwandalia kitanda chake mwenyewe, yeye amelala kwenye mkeka.

Kusema kweli, mwanzo nilishtuka. Lakini anawajua wote humu kwa salamu zako, hata Mama Wivine alimuuliza kama mihogo iko tayari. Nani angeyajua hayo kama si mtu wa nyumbani? Anasema umemtuma anichukue nikapande naye kwenda mahali salama zaidi. Nimemwambia namngoja Papy kwanza. Anangoja, anamsaidia mzee kujaza upepo.

20 Aprili

Papy amefika. Nimesoma barua yako nikiwa nimesimama jikoni kwa Mama Wivine.

Nimeruhusu. Ile application imeuliza mahali nilipo, nikabonyeza ndiyo, na kidogo nicheke, kwa sababu sasa hiyo simu ndiyo kitu pekee mjini kisichojua. Video yote imepita kwenye simu ya Papy. Nimeifuta application kama ulivyosema.

Yule kijana amekaa mbele na Tata Ntambwe. Ua una mlango mmoja, na tukitoka hapa jikoni atatuona tukielekea barabarani. Papy akiondoka peke yake, ni mleta barua tu. Tukipanda wawili, atajua, na lori lake lina mbio kuliko pikipiki yenye mnyororo uliofungwa na waya. Basi Papy anaondoka peke yake. Mimi nitakwenda kukaa nao pale mbele, nimzungumzishe mgeni mpaka Papy afike mbali. Simu ya Papy ndiyo inayotakiwa kufika.

Tata Ntambwe sijamwambia. Amefurahi mno.

Hii usiisome Ijumaa.

Z.


Kolwezi, 2 Agosti 2024
Kwa Zakaria, Kasaji

Mdogo wangu,

Sasa naweza kuandika mahali ulipo. Papy atakupelekea, ataiweka chini ya lile jiwe la kichwani. Alinieleza uko upande wa juu wa njia ya reli, na hakuna maji yanayosimama hapo.

Nikupe habari za nyumbani, maana ndivyo barua inavyoanza. Watoto ni wazima. Jino moja la Bilkisi limeota. Ananiuliza kila Ijumaa kwa nini hatusomi.

Papy alifika na video. Maître Stanislas aliionyesha mahakamani. Upande wa patron ulisema nakala si kitu bila simu yenyewe, na simu yako haikuonekana pale walipouokota mwili wako. Lakini hakimu alikuwa amekwisha kusikia zile sauti. Akaamuru shimo lifunguliwe. Walitoa wanne. Glodi alikuwa na tochi yake kichwani. Mama Huguette amemzika, amevaa nyeusi. Siku ya pili alikuja kibandani, akakaa kwenye kigoda, akatoa ile simu. Nikanyoosha mkono kuchukua waya wa chaja. Akasema, "Hapana, mama. Leo uizime." Vidole vyake havikuweza, nikaizima mimi. Patron amesafiri, wanasema ni mgonjwa. Kesi imeahirishwa, tarehe haijatolewa.

Alfani simtaji kwa watoto. Bado yuko hapa Kolwezi, analala kwa dada yake. Kabla sijamtoa nilimkalisha kwenye kiti cha baba nikamuuliza. Hakukana. Alilia, Zakaria, na machozi yake yalikuwa ya kweli, hilo ndilo linaloniumiza. Aliniambia, "Mi sikusema mahali. Hata mi sikupajua. Baliniuliza tu, nani eko naye karibu? Nikataja jina ya ule muzee." Alirudia mara nyingi. Sikusema mahali, sikusema mahali. Anaamini hivyo mpaka leo. Na mimi nina haki gani ya kumcheka, niliyemsomea salamu hizo kwa sauti nikampa na kipande cha nyama?

Nina hasira na wewe pia. Ungemwambia mzee. Ungeruka ua nyuma ya jikoni ukakimbia porini. Naamka nikikupigia hesabu za njia ambazo ungeweza kukimbilia, na kila mara Papy anafika mahakamani mikono mitupu. Basi narudi kulala.

Mabati ya jikoni nimeyang'oa. Mvua ikianza tutaona.

Sina salamu nyingi. Mama Huguette anakusalimia, amenishika mkono mpaka nikaandika mbele yake. Nilimuuliza Papy kama Tata Ntambwe ametutumia neno lolote. Anasema mzee anashinda amekaa mbele ya baiskeli zake, anafanya kazi vizuri, na mtu akipita akamwuliza hali, anaitikia kwa kichwa. Papy alipomwomba salamu za kutuletea huku, alimjibu hivi:

"Mi sitatuma tena salamu kwa mutu."

Yaya yako,
Latifa